Selpha na Mashine Iliyoimba Saa Kumi na Moja

Kabla kompyuta haijafika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, Selpha Nabwire alikuwa na taipureta moja, meza moja na kibanda cha bati kando ya barabara ya forodhani. Aliwaandikia madereva barua za kuomba msamaha, akawaandikia wake wa madereva barua za kukataa msamaha, na kuna siku barua hizo mbili zililala pamoja mezani pake zikingoja stempu.

Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha Mundika, mama wa watoto wanne, mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa ulimi. Dereva akimwambia, "Mama, fanya haraka," alijibiwa hapo hapo: "Lori lako lina siku tisa kwenye foleni, leo ndiyo umejua haraka?" Na huku akijibu, vidole havikusimama.

Mwaka wa tisini na tatu Bwana Emukule, ejenti wa kupitisha mizigo, akanunua kompyuta. Emukule alikuwa Mteso wa Moding, mrefu kama mlingoti wa bendera, shemasi kanisani, mtu wa suti moja ya kahawia na kalamu tatu mfukoni. Kompyuta ilikuja kwa pikapu kutoka Kisumu, imefungwa blanketi kama mgonjwa. Watu walikusanyika wakauliza kama itaonyesha mpira. Emukule akawaambia hii si ya mpira, ni ya akili, na kwa hiyo wote waondoke.

Akamwita Selpha, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine Malaba nzima aliyeweza kupiga maneno sitini kwa dakika huku anagombana na mtu dirishani.

"Sheria ni tatu," Emukule alimwambia. "Ya kwanza, hapa ndani hakuna viatu. Vumbi ni sumu. Ya pili, mashine inawashwa asubuhi mara moja na inazimwa saa kumi na mbili mara moja. Kuizima-zima ni kuiua. Ya tatu ni wewe. Hii kitu ikiharibika mikononi mwako, siku hiyo hiyo unarudi kwa taipureta yako. Mpwa wa mke wangu, Mercyline, ana cheti cha kompyuta kutoka Kakamega. Amekaa nyumbani ananingoja tu."

"Nimesikia, bosi," Selpha akasema.

Alisikia vizuri sana. Jambo ambalo Emukule hakulijua ni kwamba taipureta haikuwepo tena. Selpha aliiuza wiki hiyo hiyo ili alipe karo ya kijana wake Oduori, aliyekuwa kidato cha kwanza. Kwa hiyo akifukuzwa, atarudi kwenye meza tupu chini ya bati, apige nini? Makofi?

Basi akaishika mashine ile kama yai. Aliifumia kitambaa cha uzi mweupe cha kuifunika kichwa, akaifumia kingine cha kufunika kibodi, na printa nayo ikapata chake isione wivu. Alijifunza kwa kitabu kilichokuja nayo, neno kwa neno, kamusi pembeni. Siku aliyogundua kwamba mashine inaweza kuonyesha orodha ya programu zake zote, alicheka peke yake. Jina upande huu, uzito wake wa baiti upande ule.

"Hii si ni karatasi ya mzigo kabisa!" alisema.

Na kwa sababu alishakuwa mtu wa Malaba, na mtu wa Malaba haachi mzigo upite bila kuandikwa, alinunua daftari la mistari. Kila Ijumaa alasiri alinakili orodha nzima: jina la programu, uzito wake. Hakuna aliyemtuma. Emukule alipomwona akadhani anaandika mahubiri.

Miezi minane ikapita raha mustarehe. Halafu Jumatatu moja ya Februari, saa kumi na moja kamili jioni, mashine ikaimba.

Haikulia tu, iliimba. Sauti nyembamba kama ya filimbi ya mtoto ilitoka tumboni mwake, ti-ti-ti-ti, wimbo mzima wa kuchangamka, wa gwaride, mwanzo na mwisho wake. Halafu ikanyamaza, ikaendelea na kazi kama mtu aliyecheua mbele ya wageni akajifanya si yeye.

Selpha alikaa na mikono hewani. Alitazama mlango. Emukule alikuwa forodhani. Alitazama kibodi akijaribu kukumbuka kidole gani kimefanya nini. Aliinama mpaka sikio likagusa mashine, akanong'ona, "Wewe, una nini?"

Kesho yake saa kumi na moja ikaimba tena. Selpha akakohoa kwa nguvu mpaka dereva mmoja dirishani akamshauri anywe maji ya tangawizi. Siku ya tatu aliifunika na sweta, mto wa kiti na jaketi la mvua la Emukule. Ikaimba chini ya rundo hilo hilo. Kuizima haikuwezekana, sheria ilikuwa sheria, na tena saa kumi na moja ndiyo saa ya moto yenyewe, geti linafungwa kumi na mbili na madereva wote wanataka karatasi zao.

Siku ya nne, Alhamisi, ilipobaki dakika mbili, Emukule akaingia, akavua viatu, akakaa kwenye kiti chake na kufungua gazeti.

Selpha alitazama saa ya ukutani. Alimtazama Emukule. Akilini alimwona Mercyline na cheti chake wakivuka kizingiti. Akasimama ghafla kiti kikaanguka.

"Bosi, tuombe!"

"Tuombe?" Emukule akashusha gazeti. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tunafungua ofisi kwa maombi, tunafunga kama wapagani. Simama, bosi. Shemasi mzima!"

Na kabla hajajibiwa akapaza wimbo wa kanisani, ule wenye sauti ya juu kuliko zote, akaupiga kwa kifua na makofi na mguu. Emukule, unajua tena, shemasi hawezi kukaa wimbo ukiimbwa. Akasimama na soksi zake, akashika besi. Mashine ikaimba chini ya sauti zao, hakuna aliyeisikia. Selpha alimalizia kwa ombi refu lenye shukrani za kweli kabisa.

"Selpha," Emukule akasema macho yakiwa na machozi, "sikujua una moyo wa namna hii."

"Hata mimi nimejua leo, bosi."

Hivyo ndivyo maombi ya saa kumi na moja yalivyoanza Malaba.

Lakini kulikuwa na shida. Wimbo wa kanisani ulienda huku, wa mashine ulienda kule, na pale wao wawili walipovuta pumzi, ti-ti-ti ilichungulia. Emukule alishaanza kuinamisha kichwa kama anayesikia mbu. Selpha akaona dawa ni moja tu: waimbe wimbo ule ule wa mashine. Mwishoni mwa wiki, akiwa Mundika anapalilia mihogo, aliutungia maneno: *Siku imekwisha, Baba, foleni imesonga, aliyevuka umlinde, aliyebaki umfunike.* Ukaingia sawasawa kama mguu kwenye kiatu chake.

Jumatatu akamfundisha Emukule. Wimbo wenyewe ulikuwa wa kuchangamka mpaka Emukule akarusha bega. Nje ya dirisha alikuwa Beldina, mama wa Budalang'i aliyefukuzwa na mafuriko ya Nzoia akaja Malaba kukaanga samaki. Beldina hakuwahi kusikia wimbo akanyamaza.

"Mama Oduori!" aliita. "Hiyo nyimbo ni ya wapi? Inaingia mpaka kwa kiuno!"

"Ni ya maombi, Beldina. Kiache kiuno."

"Mungu si ndiye alikiumba?"

Beldina akasimama dirishani akiimba na kijiko cha kukaangia mkononi. Kesho yake akaja na mwuza mayai. Keshokutwa wakaja makarani wawili wa ofisi jirani. Kufikia mwezi wa Aprili, ikigonga saa kumi na moja, watu thelathini walikuwa nje ya ofisi ya Emukule wakiimba na kuruka, madereva wamesimama juu ya ngazi za malori, na dereva mmoja wa Mombasa, Mwislamu, alikaa kando kwa adabu akigonga bodi ya lori kwa mdundo. Emukule alitoka mlangoni na suti na soksi, mikono juu. Kanisani aliulizwa siri yake. Akajibu kwamba mtu akiweka nidhamu kazini, Roho mwenyewe hutafuta anwani.

Na mashine, ikiwa peke yake ndani, ilianzisha wimbo kila siku bila kuchelewa. Selpha alishaizoea, hata akaipenda. Ilimpa noti ya kuanzia wimbo.

Ila ilikuwa imeanza kulemaa. Programu zilifunguka polepole kama mzee anayeinuka kwenye mkeka. Mwezi wa Mei, Jumatano asubuhi, programu ya kuandika karatasi za forodha ikakataa kabisa kufunguka. Iliandika kwa Kiingereza kwamba nafasi haitoshi.

Emukule aliyasoma maneno yale mara mbili. Furaha yote ya shemasi ikamtoka usoni.

"Nimempigia fundi simu, anakuja kesho kutoka Kisumu," alisema aliporudi kutoka posta. "Na nimemwambia Mercyline apige pasi nguo zake. Fundi akisema ni wewe, Selpha, Jumatatu anaanza yeye. Maombi ni maombi, kazi ni kazi."

Selpha hakulala vizuri, na asubuhi aliweka chumvi badala ya sukari kwenye chai ya ofisi. Emukule akainywa yote bila kusema neno. Hali ilikuwa mbaya kiasi hicho.

Fundi alifika Alhamisi saa kumi na nusu, kijana mwembamba aitwaye Ochuodho, mkoba wa diski begani. Kabla ya ofisi alitafuta chakula. Selpha alimtazama kupitia dirishani akikaa kwa Beldina, akipewa samaki wa ngege mzima na ugali. Beldina alikuwa akigeuza samaki na kuimba kama kawaida yake: *Siku imekwisha, Baba, foleni imesonga.*

Ochuodho akaacha kutafuna.

"Mama," akasema, "hiyo nyimbo umeitoa wapi?"

"Ya maombi. Ya ofisi hii hapa ya Emukule. Malaba yote inaiimba."

"Malaba yote?"

"Mpaka upande wa Uganda wameanza, lakini wao wanaharibu hapo mwisho."

Ochuodho akaanza kucheka. Alicheka mpaka mwiba ukamkwama, Beldina akampiga mgongoni kwa kiganja kilichozoea kusonga ugali, mwiba ukatoka, akacheka tena. Selpha akajiondoa dirishani. Mtu huyu anaujua wimbo.

Ochuodho aliingia akifuta machozi.

"Viatu," Selpha akamwambia kwa ukali, maana woga wake haukufuta sheria ya viatu. Kidole gumba cha Ochuodho kilichungulia kwenye soksi. Alikaa mbele ya mashine, hakuigusa. Alitazama tu saa ya ukutani. Ilibaki dakika mbili. Nje watu walishakusanyika, Beldina mbele na kijiko chake.

"Leo," Ochuodho akawatangazia kupitia dirishani, "naomba msiimbe. Nyamazeni tu kidogo."

"Kwa nini?" Emukule akauliza.

"Utasikia, mzee."

Watu thelathini wakanyamaza. Hata malori yalionekana kunyamaza. Selpha alifumba macho.

Ti-ti-ti-ti, ikaanza mashine, peke yake, bila aibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, noti kwa noti, wimbo mtakatifu wa Malaba.

Halafu Beldina akapiga ukelele: "Kumbe mashine nayo imeokoka!"

Hapo umati ukapasuka. Mwuza mayai alikaa chini kwenye vumbi akicheka. Dereva wa Mombasa alishika lori lisianguke. Mtu mmoja tu hakucheka, na huyo alikuwa Emukule, aliyegeuka polepole kama mlango wa benki.

"Selpha. Ulijua?"

"Nilijua, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu ombi la kwanza."

"Yaani mimi nimekuwa nikiinua mikono..." alishindwa kumaliza. "Jumatatu Mercyline anaanza!"

"Ngoja kwanza, mzee," Ochuodho akasema. "Hiki ni kirusi cha kompyuta. Kuna mtu mahali fulani alikitunga kwa utundu wake kiimbe kila saa kumi na moja, kikasafiri. Lakini hakiingii kwa barua. Hata mama apige barua elfu, hakiwezi kutoka humo. Kinajishikiza nyuma ya programu, kama mtu anayedandia lori. Programu ikiwashwa, nacho kinaamka, kinadandia nyingine na nyingine. Kwa hiyo kuna mtu alileta programu ya nje akaiwasha hapa."

"Na ni nani anakaa hapa siku nzima kama si yeye?" Emukule akasema.

Lakini Selpha alikuwa ameshikwa na neno moja tu. "Anayedandia lori," alirudia. "Sasa lori likidandiwa, si uzito unazidi?"

Ochuodho akageuka kumtazama. "Unazidi, ndiyo. Kila programu iliyoshikwa inanenepa kwa kiasi kile kile. Shida ni kwamba hatujui ilikuwa na uzito gani kabla."

"Nani hajui?" Selpha akasema, na akavuta droo.

Daftari likatoka. Ijumaa baada ya Ijumaa, kwa mwandiko wa wino wa bluu, jina na uzito, jina na uzito. Ochuodho alipekua ukurasa baada ya ukurasa.

"Mama, hata Kisumu hakuna mtu anafanya hii."

"Kisumu hamna mpaka."

Wakaketi bega kwa bega, yeye akisoma skrini, Selpha akifuata daftari kwa kidole. Watu wote dirishani walishika pumzi kama wanapimiwa lori lao. Ijumaa ya mwisho ya Januari: kila kitu uzito wake wa kawaida. Ijumaa ya kwanza ya Februari: kawaida. Ijumaa iliyofuata: programu zote ambazo Selpha huwasha zimezidi kwa baiti elfu mbili mia nane na ushee, zote sawasawa, kama waliokula kwenye sahani moja. Na chini kabisa ya orodha, jina moja jipya ambalo Selpha aliliandika wakati ule bila kulielewa, akaliwekea alama ya kuuliza.

"Huu ndio mzigo wenyewe usio na karatasi," Ochuodho akasema. "Uliingia katikati ya Ijumaa na Jumatatu. Nani huwa hapa Jumamosi?"

Selpha huwa Mundika Jumamosi. Malaba nzima inamwona akipanda gari.

Emukule alianza kutafuta kitu mfukoni katikati ya zile kalamu tatu.

"Tuufungue tuone ni nini," Ochuodho akasema, akabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kisha akatokea nyoka wa kijani, anakimbia huku na huku akila mayai. Ulikuwa mchezo. Nyoka akajigonga ukutani akafa, na ikajitokeza orodha ya washindi kumi wa kwanza.

Beldina alikuwa ameshaingiza kichwa na mabega yote dirishani. Alisoma hadi darasa la sita pale Port Victoria, na leo ndiyo alifaidi.

"Wa kwanza," akasoma kwa sauti ya kutangaza matanga, "Emukule! Wa pili, Emukule! Wa tatu... jameni... Emukule! Wa nne—"

"Inatosha, Beldina," Emukule akasema.

"Wa nne, Shemasi! Huyu naye ni nani?"

Sitaeleza kicheko kilichofuata, walikisikia mpaka Tororo kule Uganda. Emukule alisimama katikati yake, mrefu, amevaa soksi, uso wa mtu aliyekamatwa na mzigo haramu kwenye geti lake mwenyewe. Alieleza kwa sauti ndogo kwamba rafiki yake wa ng'ambo ya mpaka alimpa diski, kwamba Jumamosi alikuwa akikagua faili, kwamba mtu akikagua faili sana macho huchoka. Hakuna aliyesikia. Mwishowe naye mdomo ukamponyoka, akaanza kucheka, kwanza puani, kisha tumboni, mpaka kalamu moja ikaruka.

Ochuodho aliingiza diski yake ya dawa. Programu moja baada ya nyingine ikapungua, ikarudi kwenye uzito wa daftari, na ile ya karatasi za forodha ikafunguka kabla Selpha hajainua kidole. Ilibaki moja.

"Huu mchezo," akauliza, "niufute kabisa ama niusafishe niuache?"

Emukule akamtazama Selpha. Ochuodho akamtazama Selpha. Dirisha zima likamtazama Selpha.

Selpha alikunja kitambaa cha kibodi mara mbili, taratibu, kwa raha zake.

"Bosi, uliniambia nini kuhusu Jumatatu?"

"Jumatatu?" Emukule akasema. "Jumatatu unakuja kazini. Kwani ulikuwa unaenda wapi?"

"Na Mercyline?"

"Nitampigia simu aache kupiga pasi."

"Na sheria ya tatu?"

"Sheria ni mbili. Viatu na kuizima."

"Usafishe, mwanangu," Selpha akamwambia Ochuodho. "Uuache. Mzee naye ni binadamu."

Kesho yake saa kumi na moja mashine ilinyamaza. Selpha alikaa mbele yake akiingoja, sikio limeinama, na kwa mara ya kwanza kimya chake kikamuuma. Nje watu walisimama wakitazamana, hakuna wa kutoa noti. Mara Beldina akagonga sufuria kwa kijiko, ti-ti-ti-ti, na Malaba yote ikaingia. Emukule alikuwa wa kwanza kurusha bega.

Jumamosi hiyo Selpha hakupanda gari kwenda Mundika. Alituma ujumbe nyumbani kwamba ana faili za kukagua.

Jumatatu asubuhi, alipokuwa akivua viatu mlangoni, alisikia kutoka ndani sauti ya mwanamume mzima ikilia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa.

"Selpha! Huyu wa kwanza ni nani?"

"Si umesoma, bosi," Selpha akasema, akaingia, akaketi, akafunua kitambaa cheupe. "Sasa nipishe. Kuna lori la chumvi linangoja."